Sura ya Nane: Mkono Uliolowa

Inspekta Mikidache alishuka kwenye ndege ya Nosy Be akiwa na koti begani, tumbo tupu na hasira za kuwatosha watu watatu. Siku nzima ya jana alikuwa akipekua nyumba ya mshukiwa wake kule Andoany, mji wa kisiwa hicho. Aliinua godoro, akagonga kuta, akapanda juu ya dari na kushuka na buibui kwenye masharubu. Alichokipata ni harufu ya chokaa mbichi, kitanda kipya, na cherehani ambayo haijatolewa hata kwenye kasha lake. Jirani, mama mmoja aitwaye Echa, alimfuata chumba kwa chumba akiimba wimbo mmoja.

"Anamtengenezea mkewe nyumba, Mesie Inspekta. Mwizi gani huyo anayehangaika kupaka dirisha rangi ya buluu?"

Mikidache aliendelea kugonga kuta. Wezi aliowafahamu yeye walipenda rangi nzuri kama watu wengine.

Sajini Tsiresy alikuwa akimngoja na gari nje ya uwanja wa Mahajanga. Tsiresy alikuwa Msakalava mnene, mpole, ambaye habari mbaya alizitoa haraka ili apumzike.

"Komisaa amesema kesho asubuhi Maoulida anapelekwa kwa jaji," alisema kabla mkuu wake hajakaa. "Faili lifungwe leo."

"Na mkufu? Nani ameuona mkufu?"

"Komisaa anasema mkufu utajitokeza wenyewe. Mkono tunao."

Mkono! Neno hilo lilikuwa likimchoma Mikidache tangu Alhamisi, siku ya wizi. Bi harusi Nadjma alikuwa ameketi peke yake katika chumba cha ndani, nyumbani kwa Mama Roukia, mama yake mkubwa, mtaa wa Antanimasaja. Ilikuwa baada ya alasiri, mapazia yameshushwa, naye amefunikwa shiromani, ile nguo ya kujitanda, kichwani mpaka magotini, kama impasavyo bi harusi. Mtu akaja nyuma yake bila kusema neno, akaingiza mikono chini ya shiromani, akafungua mkufu wa dhahabu shingoni mwake na kuondoka. Nadjma alidhani ni mmoja wa wanawake wa nyumbani anamweka sawa. Alipokuja kuulizwa mkufu uko wapi, ndipo ukelele ulipopigwa.

Hakuona kitu. Alichokuwa nacho ni neno moja, na hilo alilisema mbele ya ukoo mzima: mkono ulionigusa ulikuwa umelowa maji. Mikidache mwenyewe, mtoto wa Kikomoro wa mji huo huo, alimsikiliza kwa Kikomoro na kuandika kwa Kifaransa, na alikuwa na hakika hakuna kilichopotea njiani.

Na siku hiyo, kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba, majirani walimwona mtu mmoja tu aliyelowa. Mtu huyo alikuwa Maoulida, bwana harusi.

"Twende kituoni," alisema Mikidache. "Nataka kumwona tena kabla hawajaniharibia kesi."

*

Maoulida alikuwa fundi wa motaboti iliyokwenda na kurudi kati ya Nosy Be na Mahajanga. Alikuwa kijana mrefu mwenye vidole vilivyoungua kwa injini, na usingizi ulikuwa umemhama. Alisimama Mikidache alipoingia.

"Keti. Mara ya kwanza uliniambia Alhamisi yote ulikuwa bandarini. Ulinidanganya."

"Nilidanganya, Inspekta."

"Kwa nini?"

Kijana alitazama sakafu. "Nilikwenda kumchungulia. Bwana harusi kumchungulia bi harusi kabla ya siku yake, ningemtazamaje Mama Roukia usoni? Niliona pazia tu, nikasikia wanawake wanacheka uani, nikakimbia."

"Ukiwa umelowa."

"Kamba ilijizungusha kwenye rafadha tulipotia nanga. Nilizamia kuikata. Nilikwenda kule hivyo hivyo, nguo zinachuruzika."

Mikidache alikuwa ameshaufikia mlango. Aligeuka. "Sema tena."

"Zinachuruzika. Nilikuwa naacha maji kila ninapokanyaga. Muulizeni yeyote."

"Wameulizwa," alisema Mikidache polepole. "Wote wanasema hivyo hivyo."

Maoulida aliinua uso. "Inspekta, Nadjma amesema ni mimi?"

"Amesema mkono ulilowa. Hakutaja jina lako."

"Basi ulilowa. Nadjma hasemi uongo." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa bega. "Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mwongo ningejitetea."

Mikidache alitoka nusu akikimbia, akamwamuru Tsiresy alete vazi la bi harusi kutoka kwenye kabati la ushahidi. Lilikuwa gauni la hariri rangi ya maziwa, lenye kola ya kusimama. Aliligeuza upindo wa chini, sehemu isiyoonekana, akachovya kidole kwenye glasi ya maji na kudondosha tone moja. Walingoja, Tsiresy akihema kwa pua. Tone lilipokauka lilibaki duara la rangi ya chai, lenye ukingo uliochorwa wazi.

"Sasa tazama kola."

Tsiresy aliitazama kola, akaipeleka dirishani, akaitazama tena. "Safi."

"Mtu anayechuruzika maji ya bahari amepitisha mikono yote miwili hapa, akafungua kishikizo kidogo kuliko punje ya mchele, na hakuacha hata tone? Na mkeka aliokalia Nadjma?"

"Mkeka tuliukagua saa ile ile. Ulikuwa mkavu."

"Mkeka mkavu. Kola kavu. Shingo imelowa." Mikidache alipiga meza kwa kiganja mpaka glasi ikaruka. "Tsiresy, kuna mwongo hapa, na si Nadjma wala hariri. Kuna shahidi wa tatu ambaye hatujamhoji."

"Nani?"

"Ngozi yake!"

*

Daktari Houmadi alikuwa akinawa mikono aliposikia kisa chote, na hakuacha kunawa mpaka kilipokwisha. Kisha alichomoa glavu ya mpira kwenye boksi, moja ya zile nyembamba za kupasulia wagonjwa, akamvisha Mikidache mkono wa kulia.

"Funga macho, Inspekta."

Mikidache alifunga. Mkono wake ulishikwa, ukasukumwa chini mpaka karibu na kifundo, na baridi ikamvaa.

"Unahisi nini?"

"Maji. Glavu yako imetoboka, Daktari."

"Una hakika?"

"Nahisi yanapita katikati ya vidole! Yameingia mpaka kwenye kucha!"

"Fungua macho. Utoe mkono kwenye beseni la maji, uvue glavu."

Mikidache aliivua. Mkono wake ulikuwa mkavu. Poda ya glavu ilikuwa bado nyeupe juu ya vidole, haikuguswa hata na unyevu. Aliutazama mkono wake mwenyewe kama mkono wa mtu asiyemwamini, kisha akaanza kucheka.

"Ngozi ya binadamu haina kitu cha kuhisi maji," alisema Daktari Houmadi. "Ina mishipa ya kuhisi baridi, ya kuhisi joto, ya mguso, ya maumivu. Ya maji hakuna. Baridi ikija pamoja na mguso laini, ubongo unakata shauri wenyewe: haya ni maji. Na kwa kuwa mara nyingi unapatia, hatuushuku. Hujapata kuanua nguo kwenye kamba jioni ya Julai? Huwezi kujua kama ni mbichi au ni baridi tu. Mke wangu huziweka shavuni, na bado tunagombana."

"Na maji yasiyo baridi?"

"Maji yenye joto la mwili ni kimya kabisa. Umewahi kupakata mtoto akakukojolea? Ulijua saa ngapi?"

"Yalipopoa," alisema Mikidache, akiwa tayari amevaa kofia. Alivua tena. "Lakini mtu akihisi maji shingoni, Daktari, anafanya nini?"

"Anajipangusa. Anatazama kiganja."

"Nadjma hakujipangusa. Hakuweza! Mikono yake ilikuwa na hina, imefungwa majani ya mgomba mpaka kwenye kifundo, na hina ya harusi haifunguliwi mpaka fundi wake aje. Shingo ilisema maji, na hakukuwa na kidole cha kuipinga!" Alikuwa akitembea huku na huku, karibu apindue beseni. "Hakuna mtu aliyelowa, Daktari. Alikuwako mtu mwenye mikono ya baridi. Mikavu, na ya baridi kama..."

Alisimama ghafla. Alikumbuka glasi aliyopewa Alhamisi ile ile alipokuwa akihoji watu pale uani. Ilikuwa sharbati ya ukwaju, tamu sana, na vipande vyake viligongana mdomoni.

"Barafu," alisema, na safari hii alikimbia kweli.

*

Nyumba ya Mama Roukia ilikuwa imeacha shughuli za harusi katikati. Mabenchi ya wageni bado yalipangwa uani, lakini hakuna aliyekaa. Mama Roukia aliwapokea mlangoni, liwa la msandali limekauka usoni, mgongo umenyooka. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yake Nadjma. Alimlea msichana huyo tangu hajaota meno, na Nadjma hakumwita kwa jina lolote ila Mama.

"Umerudi na mkufu, mwanangu?"

"Bado, Mama. Nimekuja kuomba ruhusa yako. Nataka Nadjma aketi palepale alipoketi, avae alivyovaa, ajifunike. Sitamgusa mimi, wala askari wangu. Watakaomgusa ni wanawake wa nyumba hii."

"Kwani kuna nini cha kutazama? Mtu mwenyewe mmemfunga."

"Niridhie, Mama. Kesho anakwenda kwa jaji."

Mama Roukia alisita, kisha akapisha.

Nadjma alitoka akiwa amevaa gauni la hariri, ambalo Tsiresy alilileta kutoka kituoni, macho yamevimba, viganja vyekundu kwa hina ambayo haikuwahi kusherehekewa. Alimwamkia Mikidache kwa sauti ndogo. "Inspekta, usiniombe nibadili neno. Wote wameniomba. Shangazi zake Maoulida wamelia miguuni pangu. Siwezi kusema sikuhisi nilichokihisi."

"Sikuombi ubadili hata herufi. Nakuomba uhisi tena."

Aliketi mkekani, akafunikwa. Badala ya mkufu, Mikidache alitaka afungwe uzi mwekundu shingoni. Kisha alisimama kwenye kizingiti na kuuliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya samaki, ni akina nani waliovunja barafu ya sharbati siku ile.

"Mimi," alisema Hasnati, binamu yake Nadjma, msichana mwenye ulimi mwepesi. "Mimi na Mama Roukia. Nilivunja mpaka vidole vikafa ganzi, nikaenda zangu nyumbani mapema."

Mikidache alijua habari za Hasnati. Aliwahi kuomba aazimwe mkufu ule kwa harusi yake mwenyewe, akanyimwa, na alilalamika mtaa mzima mpaka Tsaramandroso.  Mikidache aliagiza beseni la barafu kutoka kwenye kasha la pumba ilikohifadhiwa pale uani, akamwambia Hasnati atie mikono mpaka achoke, kisha ajifute kwa taulo kavu, kila kidole. Halafu akampa karatasi ya kukaushia wino. Hasnati aliibana kati ya viganja. Ilitoka kavu.

"Wote mmeona? Sasa nenda ukamfungue uzi."

Hasnati alipiga magoti nyuma ya bi harusi na kuingiza mikono chini ya shiromani.

"Maji!" Nadjma aliruka. "Ndiyo haya! Mkono umelowa, umelowa vile vile! Aii, nywele zangu!"

Uani palizuka zogo. Tsiresy alichukua karatasi na kuipitisha kwa wanawake mmoja mmoja, nao waliipapasa na kuipeleka puani, kana kwamba maji yananuka. Nadjma alifunuliwa. Mikidache, kutoka pale kizingitini, alimwomba aguse shingo yake mwenyewe. Alijigusa kwa vidole vyote, akavitazama, akajigusa tena.

"Pakavu," alisema.  "Inspekta, pakavu! Kumbe hata siku ile..."

"Hata siku ile. Ulihisi baridi, ukaita maji. Ningekuwa mimi ningeita hivyo hivyo. Leo nimeapa mbele ya daktari kwamba glavu isiyo na tundu imetoboka."

"Basi si yeye?" Alikuwa amesimama, analia na kucheka. "Maoulida alitoka baharini, na jua lile lote njiani. Mikono yake haikuwa ya barafu. Si yeye!"

"Si yeye."

Mikidache alitamani kupiga kelele za furaha, lakini kazi ilikuwa haijaisha, na macho yote yalikuwa yamemgeukia Hasnati. Msichana alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mnanitazama nini? Sikuchukua kitu mimi!"

"Nadjma," Mikidache aliuliza, "Alhamisi nywele zako zilivutwa?"

Nadjma alifikiri. "Hapana. Hazikuvutwa hata kidogo."

"Basi ketini, hatujamaliza. Mama Roukia, bado wewe."

Mama Roukia hakuondoka pale aliposimama, karibu na kasha la barafu. "Mimi ni mtu mzima. Baridi inaniuma mifupa."

"Mara moja tu, Mama. Ili nifunge faili."

 Watu walianza kutazamana. Mwishowe Mama Roukia aliitia mikono yake barafuni, akaiacha humo kupita haja, akajifuta taratibu na kuibana karatasi. Ilikuwa kavu. Alipiga magoti nyuma ya msichana aliyemlea.

Mikidache aliiona mikono ile ikiingia chini ya nguo. Haikuufuata uzi kwanza. Ilizikusanya nywele zote za kisogoni, ikazipeleka juu ya bega la kushoto, na kidole gumba kikatulia kidogo juu ya mfupa wa shingo, kama kilivyotulia kila asubuhi ya miaka yote ya kusuka. Kisha uzi ukafunguka.

Chini ya shiromani Nadjma hakusema maji.  Mikidache alingoja, akajikuta hataki kusikia.

"Mama," alisema Nadjma hatimaye. "Ni wewe."

Hasnati aliweka mkono mdomoni. Mama Roukia alibaki amepiga magoti, uzi mwekundu umemning'inia kidoleni.

"Siku ile nilijua ni mtu wa nyumbani," Nadjma aliendelea kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana sikugeuka. Halafu maji yakanichanganya. Nikajiambia, hapana, mikono ya Mama ina joto."

"Nilitaka siku zisogee tu," alisema Mama Roukia. Hakulia, aliongea kwa hasira, kama aliyedhulumiwa. "Kwetu mume huja nyumbani kwa mke. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana nyumba hii nimeijenga, tofali kwa tofali, iwe yako. Huyu anakuja na cherehani na dirisha la buluu, anataka kukupeleka Nosy Be! Bila dhahabu harusi haifungwi. Nikasema ikikwama wiki mbili, tatu, ataona haya, atakubali kuhamia hapa. Sikumtuma mtu amfunge."

"Lakini alipofungwa ulinyamaza," alisema Mikidache.

"Nilinyamaza."

"Ukaniacha nimfunge mimi," alisema Nadjma. "Kwa kinywa changu."

 Mama Roukia aliinuka, akaenda kwenye kasha la barafu, akazamisha mkono kwenye pumba mpaka begani na kuvuta kifurushi cha kitambaa. Tsiresy alilitambua kasha hilo aliloliegemea siku ya kwanza akinywa glasi tatu za sharbati, akaona aibu hadi masikio.

"Sajini," alisema Mikidache, "nenda kituoni. Mwambie Komisaa nimepata mkufu na mtu. Mlango wa Maoulida ufunguliwe sasa hivi, kabla sijafika. Mama Roukia, itakubidi ufuatane nami. Jaji atasikiliza, na Nadjma akitaka kuzungumza kwa ajili yako, atasikilizwa pia."

"Nitazungumza," alisema Nadjma. "Nitasema kama nilivyosema ya kwanza, bila kupunguza." Alijipangusa uso kwa ncha ya shiromani. "Na harusi nitaifunga, na Nosy Be nitakwenda. Mama, nivishe."

Kwa sheria mkufu ule ulikuwa ushahidi, na Mikidache alipaswa kuutia kwenye bahasha na kuipiga lakiri. Alijishughulisha na kuangalia mabenchi.

Mama Roukia alikaa nyuma ya msichana kwa mara nyingine. Mikono ilikuwa imepata joto. Alizisogeza nywele hadi bega la kushoto, akazungusha dhahabu, akaanza kukitafuta kishikizo kile kidogo, na hapo ndipo alipoinama na mabega yakamtikisika bila sauti. Chozi lilianguka kwenye shingo ya Nadjma, la pili likafuata. Nadjma alikuwa ametulia, anatazama mlango atakaoingilia Maoulida. Hakugeuka wala kujipangusa. Machozi hayo yalikuwa na joto la mwili, na ngozi yake haikumwambia kitu.

Chozi la tatu liliangukia kwenye kola ya hariri. Mikidache aliliona likitanuka, likajichora ukingo, na kuacha duara.